Mashine ya Bisi ya Sinema Nyumbani: Kila Doa na Umri Wake

Anayeingiza nyumbani mashine ya bisi ya mtindo wa sinema, ile yenye kabati la vioo na sufuria inayoning'inia, hakosi washauri. Mmoja atamwambia sufuria haioshwi ndani hata siku moja, eti weusi wake ndio ladha. Mwingine atasema achemshe siki humo kila wiki. Wa tatu atamletea dawa kali ya kusafishia oveni na kumhakikishia kuwa dakika tano zinatosha. Mwenye mashine anajaribu hiki na kile, vioo vinaanza kufifia, sufuria inabaki nyeusi, na baada ya miezi michache mashine inahamia stoo.

Mgongano huo wa ushauri unafumbuka mtu akishajua jambo moja. Karibu uchafu wote wa mashine hii ni mafuta, na mafuta hayabaki yale yale. Kadiri yanavyokaa kwenye joto na hewa ndivyo yanavyogeuka kuwa kitu kingine, mpaka yanafika mahali ambapo sabuni haiyatambui tena. Kila mshauri ana ukweli wake kuhusu doa la umri fulani kwenye kitu fulani. Dawa iliyofaa doa moja ikipelekwa kwenye doa la umri mwingine haifanyi kazi, au inaharibu.

Punje ndani ya mafuta

Tuanze na kinachotokea ndani ya sufuria, maana usafi wa mashine unategemea kuelewa mafuta yanafanya nini humo.

Mahindi ya bisi ni aina ya pekee, Zea mays everta, yenye ganda gumu lisilopitisha mvuke kirahisi na kiini cha wanga mgumu. Punje nzuri ina maji kiasi cha asilimia 13 hadi 14.5 ya uzito wake. Ikipashwa joto, maji hayo hutaka kuwa mvuke lakini hayana pa kutokea. Shinikizo linapanda na wanga unalainika hadi kuwa ute. Joto likikaribia nyuzi 180 za Selsiasi, shinikizo ndani ya punje limefika takriban mara tisa ya lile la hewa ya kawaida. Hapo ganda linashindwa, ute unafutuka kuwa povu, na povu linapoa na kukauka papo hapo.

Kasi ya joto ina uzito mkubwa. Joto likija polepole, mvuke unavuja kidogo kidogo kwenye ncha ya punje, pale ilipokuwa imeshikana na gunzi, na punje inakauka bila kupasuka. Likija kwa pupa, nje inaiva huku katikati bado, nayo inapasuka nusu. Kinachosawazisha joto hilo ni mafuta, kwa sababu yanaifikia punje pande zote. Charles Cretors, aliyeanzisha kampuni yake Chicago mwaka 1885, alijenga mashine yake juu ya wazo hilo: punje zipikwe ndani ya mafuta pamoja na chumvi, badala ya kutikiswa kwenye wavu juu ya moto. Mwaka 1893 alikipeleka kigari chake cha bisi, kilichoendeshwa kwa mvuke, kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika mjini humo. Mashine za leo zinatumia umeme, lakini utaratibu ni ule ule.

Sufuria imetundikwa sehemu ya juu ya kabati. Chini yake, ndani ya ganda la chuma, kuna koili ya umeme na themostati inayozuia joto lisipite kiasi. Kikorogeo kinachozungushwa na mota kinahakikisha punje hazikai mahali pamoja zikaungua. Bisi zikijaa zinausukuma mfuniko wenye bawaba na kumwagika zenyewe, na mwishoni mpikaji anavuta mkono wa sufuria na kuziangusha zilizobaki. Chini kuna bati lenye matundu, ambapo chenga na punje zisizopasuka hudondokea droo. Taa au hita inaziweka bisi kwenye uvuguvugu zisivute unyevu wa hewa na kulegea.

Sasa yafuate mafuta. Kila punje inayopasuka inarusha mvuke, na mvuke huo unabeba matone madogo sana ya mafuta. Mfuniko ukiinuka, ukungu huo unajaa kabati zima: kwenye vioo, kwenye taa, kwenye dari la mashine, kwenye bawaba. Sufuria inapoinamishwa, mafuta yaliyobaki yanatiririka ukingoni na kushuka upande wa nje, juu ya ukuta wa chuma wenye joto kali. Mzunguko unaofuata unayapika hayo ya nje bila punje wala kikorogeo cha kuyapunguzia moto. Muundo unaomfurahisha mtazamaji, bisi zikiporomoka mbele ya macho yake, ndio huo huo unaosambaza mafuta. Hakuna namna ya kuuzuia kabisa, kilichopo ni kuyawahi.

Mafuta yanavyozeeka

Saa ya kwanza, doa bado ni mafuta. Yakiwa ya nazi, yanaganda joto la chumba likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na vioo vinapata ukungu mweupe unaomtisha mtu asiyeujua. Ukungu huo hauna shida yoyote. Ni mafuta yale yale, yamelala tu. Kitambaa chenye maji moto na sabuni kidogo kinayaamsha na kuyaondoa.

Yakikaa siku kadhaa na kupashwa joto tena na tena, kuna badiliko la kemia. Molekuli za mafuta zina minyororo mirefu ya kaboni, na baadhi ya minyororo hiyo ina viungo maradufu ambavyo oksijeni huvishambulia kwa urahisi, hasa penye joto. Pale oksijeni ilipopita, molekuli moja inashikana na jirani yake, ile jirani na nyingine, mpaka mafuta yanakuwa wavu mmoja mkubwa. Hatua ya mwanzo unaijua kwa kidole: doa la manjano linalonata, ambalo vumbi na chenga vinaling'ang'ania. Likiendelea linakauka na kuwa gamba gumu la kahawia linalong'aa. Rangi za mafuta za wachoraji hukauka kwa njia hiyo hiyo, ndiyo sababu huwezi kuzifuta kwa sabuni zikishakauka.

Hatua ya mwisho hutokea upande wa nje wa sufuria na kwenye pembe za ndani, ambapo joto linapita kiasi. Gamba linaungua, linapoteza hidrojeni na oksijeni yake, na kinachobaki ni kaboni nyeusi. Hiyo haiyeyuki kwenye maji, sabuni wala siki. Inaondoka kwa kusuguliwa, au kwa kuachanishwa na chuma kilicho chini yake.

Kwa hiyo mafuta unayochagua yanaamua pia kazi ya kusafisha. Mafuta ya nazi yana asidi shibe karibu asilimia 90, maana yake viungo maradufu ni vichache sana, nayo hushikana polepole. Mafuta ya alizeti ya kawaida, ya soya na ya mahindi yana viungo hivyo kwa wingi. Yanapasua bisi vizuri, ila vioo na sufuria vitanata mapema zaidi. Mara nyingi watu huambiwa mafuta ya nazi yanapendwa na majumba ya sinema kwa sababu ya harufu. Mimi naona sababu ya usafi ina nguvu sawa, ingawa haitajwi. Chagua yaliyosafishwa, kwa kuwa yale yasiyosafishwa huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 177, joto ambalo sufuria inalivuka kila mara. Mwenye kuzuiwa mafuta shibe na daktari atumie mengine bila wasiwasi, ajue tu kwamba kitambaa chake kitafanya kazi zaidi.

Siagi isiingie sufuriani kabisa. Ina maji kiasi cha asilimia 16, na mabaki ya maziwa ndani yake huungua mapema kuliko punje zinavyopasuka. Inayotaka kuingia ni samli, ambayo maji na mabaki hayo yameshaondolewa. Sukari nayo haifai kwenye sufuria ambayo haikutengenezwa kwa bisi tamu. Kama mashine yako inaikubali, maji moto yaingie mara tu baada ya kumwaga bisi, sukari ikiwa bado inayeyuka. Ikishakuwa mkaa imeshajiunga na kaboni.

Siki, bikaboneti, sabuni na dawa kali

Ukijua umri wa doa, sifa za dawa zinaeleweka zenyewe.

Sabuni ya vyombo inashika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine, ikayainua. Inahitaji mafuta yawe bado mafuta. Kwa doa changa hakuna kinachoishinda, na maji yakiwa moto inafanya kazi kwa wepesi zaidi.

Dawa za alikali, kuanzia bikaboneti ya soda (ile ya kuumulia keki) hadi unga maalumu wa kuchemshia sufuria za bisi, zinafanya zaidi ya hapo. Alikali inayavunja mafuta yenyewe, na zile zenye nguvu huyageuza kuwa sabuni. Hizi ndizo za doa la umri wa kati, lile linalonata na gamba changa la kahawia. Bikaboneti ni dhaifu ikiwa baridi. Ikichemshwa inatoa hewa ya ukaa na kugeuka kaboneti, ambayo ni alikali kali zaidi. Hiyo ndiyo maana ya kuichemsha badala ya kuinyunyiza tu.

Siki ni asidi. Inayeyusha chokaa nyeupe inayoachwa na maji magumu, na inaondoa utelezi wa alikali baada ya kuchemsha. Mafuta yaliyozeeka haiyafanyi lolote la maana. Mtu aliyechemsha siki akaona maji yamegeuka kahawia ameona kazi ya maji yanayochemka, siki haikuchangia sana. Wengine huchanganya siki na bikaboneti kwa sababu mchanganyiko unafoka kwa kishindo. Kufoka huko ni vitu viwili vinavyouana nguvu: kinachobaki ni maji na chumvi ya asetati, isiyo asidi ya maana wala alikali ya maana. Tumia kimoja, suuza, ndipo utumie kingine. Na siki isikutane kamwe na dawa ya kung'arishia yenye klorini, kwani gesi inayotoka ni sumu.

Dawa ya oveni kwa kawaida ina kostiki soda. Inalishinda gamba gumu, hilo ni kweli. Lakini inashambulia alumini na kutoa gesi ya hidrojeni, huku ukuta wa sufuria ukiliwa na kubaki na mabaka. Sehemu nyingi za mashine za nyumbani ni za alumini: sufuria za bei ndogo, fremu za milango, wakati mwingine bati la matundu. Zaidi ya hayo ni ya kupuliza, na ukungu wake unaingia kwenye maungio ya nyaya chini ya sufuria ambako hutaweza kuusuuza. Msimamo wangu ni kwamba dawa hiyo haina nafasi katika mashine ya nyumbani, hata kama sufuria ni ya stenlesi.

Nje ya sufuria

Hapa ndipo vita vikubwa vilipo, kwa kuwa mafuta hutiririkia sehemu yenye joto kali na isiyokorogwa. Kaboni ya nje ina madhara matatu. Inatoa moshi na harufu ya kuungua kila mashine inapowashwa. Inabanduka vipande vipande na kuangukia bisi. Na ikiwa nene chini ya mdomo wa sufuria, mafuta mapya yanapata pa kujishikiza, hivyo inajijenga kwa kasi inayoongezeka.

Dawa yake ni kuiwahi ikiwa bado mafuta, na nafasi hiyo ni fupi. Ukimaliza mzunguko wa mwisho, zima koili, acha sufuria ipoe mpaka iwe ya uvuguvugu, kiasi kwamba mkono wenye kitambaa kinene unaweza kuigusa bila kuungua. Futa ukuta wote wa nje kwa kitambaa kilicholowa kidogo na kukamuliwa vizuri. Kazi hii haichukui muda, na ndiyo inayotenganisha sufuria inayong'aa baada ya miaka mingi na ile iliyovaa koti jeusi kabla ya mwaka. Usimwagie sufuria ya moto maji baridi. Chuma kinaweza kujikunja, na sufuria iliyojikunja haigusani tena na koili sawasawa.

Kama koti jeusi limeshajengeka, fanya kazi kwa awamu. Tengeneza uji mzito wa bikaboneti na maji, upake kwenye sufuria iliyopoa, mbali na plagi na matundu yoyote, funika kwa kitambaa kibichi kisikauke, uache usiku kucha. Asubuhi sugua kwa sponji ngumu ya plastiki. Tabaka la juu litatoka, la chini litabaki. Rudia. Kwenye alumini angalia rangi: alikali ikikaa muda mrefu inaitia weusi wa kijivu, kwa hiyo huko punguza muda. Waya wa kusugulia masufuria unakata haraka, lakini unaacha mikwaruzo ambayo mafuta yajayo yatajificha humo, na ukikatika, nyuzi zake zinaweza kuishia kwenye chakula. Kwenye sufuria iliyopakwa nikeli au mpako wa kuzuia kushika usiutumie kabisa.

Jambo ambalo halina mjadala: sufuria hii haizamishwi majini. Koili, themostati na maungio yake viko ndani ya lile ganda la chini. Maji yakiingia humo hayatoki kirahisi, na umeme ukirudishwa unaweza kukuta njia kupitia mwili wa mashine. Wala haiingii kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Kabla ya kitambaa chochote kibichi, plagi itoke kwenye soketi. Swichi kuzimwa peke yake hakutoshi.

Ndani ya sufuria

Wanaosema ndani haioshwi hawajakosea kabisa. Utando mwembamba wa kahawia, laini na wenye rangi moja, ni mafuta yaliyoshikana na chuma na kuwa ngozi. Unapunguza kushika na hauna ladha mbaya. Kuusugua mpaka chuma kibaki uchi kila wiki ni kujipa kazi inayorudi palepale.

Lakini utando huo ukiendelea kunenepa unaacha kuwa ngozi. Unakuwa na mabonde, unabanduka, na unakuwa blanketi kati ya koili na punje. Joto linachelewa kufika, punje zinapata ule upashaji wa polepole nilioueleza, mvuke unavuja, na droo ya chini inaanza kujaa punje zisizopasuka. Watu wengi wanapoona hivyo wanalaumu mahindi. Mahindi yanaweza kuwa na kosa kweli, hasa yakikaa kwenye mfuko ulio wazi yakapoteza unyevu. Namna ya kutofautisha ni kupasua punje kidogo za mfuko huo huo kwenye sufuria ya kawaida jikoni. Zikipasuka vizuri huko, tatizo ni mashine. Zikikataa huko pia, ziweke kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, lita moja hivi ya punje kwa kijiko kimoja cha mezani cha maji, tikisa mara kwa mara na uziache siku tatu au nne zinywe unyevu.

Ndani ikihitaji kusafishwa, njia ni kuchemsha. Jaza maji hadi nusu ya sufuria, si zaidi. Kama mhimili wa kikorogeo unapita kwenye sakafu ya sufuria, maji yabaki chini ya usawa ulioandikwa kwenye kijitabu cha mashine, kwani yakivuja hapo yanaelekea kwenye umeme. Tia unga wa kuchemshia sufuria kwa kipimo cha maelekezo yake, baada ya kuhakikisha unasema wazi kuwa unafaa metali ya sufuria yako, au tia vijiko viwili vya bikaboneti. Washa koili, acha yachemke kwa muda mfupi ukiwa umesimama hapo hapo, kisha zima na uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Toa plagi. Yachote kwa kikombe badala ya kuyamwaga kwa kuinamisha sufuria juu ya bati la chini. Sugua kwa sponji isiyokwaruza, suuza kwa maji safi mara mbili, na mara ya pili waweza kutia siki kidogo kuondoa utelezi. Kausha. Mwisho pitisha tone la mafuta kwa kitambaa ili chuma kisibaki uchi, na bisi za mzunguko wa kwanza baada ya hapo usizile. Zitabeba mabaki yoyote yaliyosahaulika. Mashine mpya kutoka dukani inastahili mzunguko huo huo wa kutupa, kwa ajili ya mafuta ya kiwandani.

Mara ngapi? Kwa nyumba inayopika mara moja kwa wiki, sioni sababu ya kuchemsha kabla ya mizunguko ishirini au thelathini, mradi nje inafutwa kila mara. Jicho ndilo lipime, kuliko kalenda. Kikorogeo na mfuniko, vikiwa vya kutolewa, vinaoshwa kama vyombo vingine baada ya kila matumizi.

Vioo, taa na chumvi

Paneli nyingi za mashine za nyumbani si kioo cha kweli, ni akriliki. Ukigonga kwa ukucha, akriliki inatoa sauti butu na haina ubaridi wa kioo. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu dawa za kupuliza za vioo vya madirisha zina amonia au alkoholi, na zote mbili huipasua akriliki kwa nyufa ndogo sana zisizorekebishika. Paneli inakuwa na ukungu wa kudumu, mwenye mashine anadhani ni mafuta, anaongeza dawa, na ukungu unazidi. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini ndivyo vinavyohitajika. Karatasi za jikoni nazo hukwaruza akriliki, hasa penye chembe za chumvi. Kioo cha kweli kilichoimarishwa kwa joto kinavumilia dawa zaidi, lakini kisipuliziwe maji baridi kikiwa cha moto.

Dari la mashine ndilo husahaulika. Ukungu wa mafuta hupanda, unakaa pale juu karibu na taa, unapikwa na joto la taa kila siku, na unafika umri wa gamba bila mtu kuuona. Inamisha kichwa uangalie. Taa yenyewe ifutwe ikiwa imepoa kabisa, na ikiungua ibadilishwe kwa ile iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu za chakula, yenye ngozi inayoshika vipande ikivunjika.

Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ndiyo sababu chumvi ya bisi husagwa kuwa unga laini, ipate kushika. Isiyoshika inaangukia bati la chini, na kwenye hewa yenye unyevu inajilowesha yenyewe. Kloridi iliyomo inatoboa ule utando mwembamba unaoilinda stenlesi, na baada ya muda utaona vidoa vya kutu vilivyozama, hata kama muuzaji aliapa chuma hicho hakishiki kutu. Bati na droo vitolewe siku ile ile, vioshwe kwa maji ya sabuni, na vikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kwenye kukauka usifanye haraka.

Upikaji nao unaweza kupunguza uchafu. Kipimo cha mafuta ni kama theluthi ya ujazo wa punje: kikombe kimoja cha punje kwa theluthi ya kikombe cha mafuta. Kinachozidi hapo hakiingii kwenye bisi, kinaishia vioo. Milio ikishaachana kwa sekunde mbili au tatu, zima koili na umwage mara moja. Sufuria tupu isiachwe ikiwaka hata dakika chache, kwa maana utando wa mafuta uliobaki unaruka hatua zote na kwenda moja kwa moja kwenye kaboni. Moshi ukizidi au moto ukitokea, zima umeme, funga milango, na usimwage maji.

Ukiwa bado hujanunua

Mashine hupangwa kwa aunsi za punje. Ya aunsi 8 inapokea gramu 227 na kutoa lita saba hadi tisa za bisi, ambazo zinashibisha watu wengi. Inakula karibu kilowati moja ya umeme, kwa hiyo isigawane soketi na birika wala oveni. Zile ndogo kabisa zinavutia kwa bei na nafasi, lakini koili zake nyingi ni dhaifu, na koili dhaifu ni upashaji wa polepole. Nyumba ya watu wawili wanaokula bisi mara moja kwa mwezi inahudumiwa vizuri zaidi na sufuria ya kawaida yenye mfuniko, na nasema hivyo nikiwa naipenda sana mashine hii. Inaanza kulipa fadhila pale inapotumika karibu kila wiki, kwa sababu mafuta yanayofutwa kila wiki hayapati nafasi ya kuzeeka.

Dukani usianze na rangi ya kabati. Fungua milango uingize mkono wako wote. Unafika pembe ya nyuma ya dari? Sufuria inatoka bila bisibisi, na plagi yake inachomoka kwa kuzungushwa au kuvutwa tu? Mfuniko na kikorogeo vinaachana? Bati la chini ni kipande kimoja kinachoinuliwa, au limepigwa ribiti na kuacha mfereji ambao kitambaa hakiwezi kuufikia? Uliza metali ya sufuria na uiandike kwenye kijitabu, kwani ndiyo itakayoamua dawa zako zote. Muuzaji akishindwa kuitoa sufuria mbele yako na kuirudisha, mashine hiyo iache hapo hapo dukani.